Mchanga Ulio Hai: Pwani ya Mtwara na Maji Yake

Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ule unaojulikana kwa kifupi chake CITES, umeyaweka matumbawe magumu yote katika orodha ya viumbe visivyouzwa nje ya nchi bila kibali. Lakini ulinzi huo una mpaka. Matumbawe yaliyokufa na kusagika yakishafikia vipande visivyozidi milimita 2 huitwa mchanga wa matumbawe, na nchi wanachama zilikubaliana kwamba mchanga huo hautambuliki tena umetoka kwa tumbawe gani, hivyo hauhitaji kibali. Kwa ofisa wa forodha uamuzi huo una maana, maana hakuna anayeweza kuitazama punje akaitaja nasaba yake. Kwa mtu anayesoma historia ya pwani, hata hivyo, ndani yake kuna dhana kongwe: kwamba jiwe likishasagika limekwisha kazi, na kwamba mchanga ni mali mfu isiyo na mwenyewe, anayeuhitaji na achote. Hoja yangu ni kwamba dhana hiyo ni ya uongo, na kwamba pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya Mto Ruvuma, imekwisha kulipa gharama ya kuiamini. Ushahidi nitauchukua pande mbili ambazo ni nadra kukutanishwa. Upande mmoja ni historia ya chokaa, baruti na ujenzi katika pwani hiyo. Upande wa pili ni historia ya watu waliojaribu kufuga samaki wa baharini katika matangi ya kioo, wakashindwa mara nyingi, na katika kushindwa huko wakagundua kazi ya mchanga.

Tuanze na mchanga wenyewe, kwa kuwa Mtwara inao wa aina mbili. Wa kwanza unatoka bara. Ruvuma unachipuka katika milima ya Matogoro karibu na Songea, unapita mamia ya kilomita kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na kila masika unashusha baharini udongo na punje ngumu za kwatzi. Mchanga huo ndio uliomshinda David Livingstone. Mwaka 1861 aliingia mtoni humo na meli ndogo ya mvuke iitwayo Pioneer, akitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa isiyopita katika himaya ya Wareno. Maji yakapungua, ikabidi wageuke kabla meli haijakwama. Mwaka uliofuata akajaribu tena kwa mashua, akakutana na mafungu ya mchanga na, mbele zaidi, miamba. Aliporudi Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho, hakupata hata mahali pa kuwashusha ngamia wake kwenye mlango wa mto kwa ajili ya mikoko na matope, akaenda kuteremkia Mikindani. Mto ulikuwa unamwonyesha jambo ambalo kila nahodha wa jahazi wa pwani ile alilijua: kwamba mlango wa Ruvuma ni ghala la mchanga unaohamahama, na kwamba ramani ya mwaka jana haimfai nahodha wa mwaka huu.

Mchanga wa pili hautoki bara hata kidogo. Unazaliwa baharini, na unazaliwa na viumbe. Mkondo mkubwa wa bahari unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hufika Afrika katika eneo hilihili la kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kisha hugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini na jingine likishuka kusini. Hiyo ni sababu mojawapo ya utajiri wa miamba ya Ghuba ya Mnazi, ambako wataalamu wamehesabu zaidi ya spishi 250 za matumbawe. Tumbawe hujijengea mfupa wa chokaa. Majani bahari ya aina ya halimeda nayo huficha vipande vya chokaa ndani ya mwili wake, kadhalika konokono, chaza na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mfupa huo huvunjwa na mawimbi, lakini mvunjaji mkubwa ni samaki ambaye Waswahili wamempa sifa ya usingizi tu. Pono, anayelala fofofo usiku hata akatolewa mfano wa kila mlalaji, mchana kutwa huguguna mwamba kwa mdomo wake mgumu, hula uhai ulio juu ya jiwe na ndani yake, husaga jiwe kooni na kulitoa nyuma likiwa mchanga mweupe. Watafiti walioupima mwamba mmoja wa Maldives na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya uliozalishwa pale ulikuwa kazi ya pono. Anayetaka kutofautisha mchanga wa mto na wa mwamba hahitaji maabara: tone la ndimu au siki likidondoshwa juu ya mchanga wa matumbawe hutoa povu, likidondoshwa juu ya kwatzi halifanyi kitu.

Mafundi wa miji ya kale walilijua jiwe hili kuliko mtu mwingine yeyote. Kilwa na dada zake walikata matumbawe yangali mabichi majini, wakati ni laini na yanachongeka, wakatengeneza mihrabu na miimo ya milango, kisha jua likayakausha yakawa magumu. Kuta walizijenga kwa mawe ya mwamba wa kale ulioko nchi kavu, na kilichoyashika mawe hayo pamoja ni chokaa. Mikindani, bandari ya kale iliyojificha ndani ya ghuba yake, ni mtoto wa ufundi huo. Nyumba zake za mawe na boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895 vimesimama kwa chokaa. Chokaa hiyohiyo ilipakwa kwenye jani la tambuu na kutafunwa barazani. Utengenezaji wake ni rahisi kueleza na mgumu kuufanya. Magogo hupangwa duara, mengi yake ya mikoko na miti mingine ya pwani, juu yake hurundikwa matumbawe, moto huwashwa na kuachwa ule usiku mzima hadi mawe yageuke meupe na mepesi, kisha humwagiwa maji yakaumuka na kuwa unga. Ndani ya tanuri jiwe hupoteza hewa ya kaboni dioksidi na kubaki chokaa hai. Kemia inatuambia kwamba kilo 100 za jiwe safi la namna hiyo haziwezi kutoa zaidi ya kilo 56 za chokaa hai. Karibu nusu ya mzigo uliobebwa kutoka baharini hupaa hewani, na pamoja nao huteketea msitu wa mikoko uliokuwa ukizuia tope lisiufikie mwamba.

Kwa karne nyingi uchomaji huo ulikuwa na kikomo kisichohitaji sheria: wenye nyumba za mawe walikuwa wachache. Wengi walijenga kwa miti na udongo na kuezeka makuti. Kikomo hicho kiliondoka katika karne ya 20. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, na kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea wakachora mji mpya na bandari ya kina kirefu kando ya kijiji cha Mtwara. Mpango wa karanga uliachwa mwaka 1951, bandari ikafunguliwa mwaka 1954 wakati karanga zenyewe hazipo, na reli ya kwenda bara ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini mji ulibaki, ukakua, na kila mwenye kipato kidogo akataka nyumba yenye kuta zilizopigwa lipu. Saruji ilikuwa ya mbali na ya ghali. Chokaa ilikuwa hapo ufukweni. Watafiti walioichunguza pwani ya kusini katika miaka ya 1990 waliikuta Ghuba ya Mikindani ikiwa miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako matumbawe yalikuwa yakichimbwa kwa mitaimbo, mengi yangali hai, na kupelekwa tanurini. Simlaumu mchomaji chokaa. Alikuwa akifanya kazi ya mababu kwa soko ambalo mababu hawakuwa nalo. Ninachosema ni kwamba hesabu yake, na ya mnunuzi wake, na ya halmashauri iliyomtoza ushuru, ilikuwa na safu moja tu: bei ya gunia. Mchanga ambao mwamba ule ungeendelea kuuzaa haukuandikwa popote.

Baruti ilizidisha hasara hiyo. Uvuvi wa mabomu ulienea pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, ukapigwa marufuku kisheria mwaka 1970, na bado uliendelea kwa miongo mingi. Huko Mtwara na Lindi wavuvi wenyewe waliinuka dhidi yake katika miaka ya 1990, wakaunda umoja wao uitwao Shirikisho, wakisaidiwa na mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Finland. Milipuko ikapungua sana mwishoni mwa muongo ule baada ya vyombo vya dola kuingilia kati, ikarudi tena katika miaka ya 2000. Mtu anaweza kudhani kwamba bomu, kwa kuvunjavunja matumbawe, linaongeza mchanga. Haliongezi. Linaacha vifusi vyenye ncha vinavyobingirika kwa kila wimbi, na tumbawe changa linalotua juu yake husagwa kabla halijashika. Linaua pia pono, yaani linamwondoa msagaji mwenyewe. Wakati huohuo jongoo bahari walikuwa wakiokotwa kwa wingi, wakichemshwa, wakikaushwa na kuuzwa kwa soko la China, hadi serikali ikapiga marufuku uvunaji wao Tanzania Bara katika miaka ya 2000. Jongoo bahari hula mchanga. Humeza punje, humeng'enya utando wa uhai uliozishika, na kuziacha safi. Fungu lisilo na jongoo bahari hugandamana, hewa hupungua ndani yake, na uozo hukusanyika. Kwa hiyo katika kipindi cha miaka isiyozidi 40 pwani hii ilipunguziwa mzaaji wa mchanga, msagaji wake na mfagiaji wake, na kila mmoja wa hao aliuzwa au kuuawa peke yake, bila mtu kuuliza walikuwa wakifanya nini pamoja.

Swali hilo liliulizwa mbali sana na Mtwara, tena na watu waliokuwa na nia ndogo tu ya kutazama samaki sebuleni. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza duniani ya kuonyesha viumbe wa majini kwa umma, na Philip Henry Gosse, aliyesaidia kuijaza, akaandika kitabu kilichowafanya Waingereza wengi watamani bahari ndani ya kioo. Wengi wao waliishia na maji yaliyochacha na samaki waliokufa. Kwa karibu miaka 100 wafugaji waliushuku mchanga. Waliuona ukikusanya uozo, wakauosha, wakauchemsha, wengine wakauondoa kabisa wakabaki na kioo kitupu na dawa. Mabadiliko yalitoka Jakarta. Mwaka 1961 mfugaji aitwaye Lee Chin Eng alichapisha maelezo ya matangi yake ambayo hayakuwa na kichujio chochote: alitumia maji ya bahari, mawe na mchanga uliotoka baharini na viumbe wake, na mrija mwembamba wa kupuliza hewa. Matumbawe yalikuwa yakiishi humo. Wasomaji wengi wa Marekani hawakuamini, na waliojaribu kumfuata kwa mchanga uliokwisha kukauka walishindwa, wakamlaumu yeye. Baadaye Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Washington, alifungua mwaka 1980 tangi kubwa la mwamba wa matumbawe linaloendeshwa na viumbe wenyewe, na Jean Jaubert akaonyesha huko Monaco kwamba tabaka nene la mchanga wa matumbawe, likiachiwa nafasi ya maji chini yake, hutunza maji ya tangi kwa muda mrefu bila mitambo ya kuyasafisha.

Sababu ya mafanikio hayo ilikuwa imeshapatikana maabarani karibu mwaka 1890, pale Sergei Winogradsky alipowatenga bakteria wanaoishi kwa kugeuza amonia. Samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa haja zake, na amonia ni sumu inayomuua yeye mwenyewe. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni afadhali. Hao wanahitaji hewa, nao hukaa juu ya punje za tabaka la juu. Chini zaidi, hewa inapokwisha, bakteria wengine huichukua nitrati na kuirudisha angani ikiwa gesi ya nitrojeni isiyodhuru kitu. Kila mwanamke wa pwani anayefukua kombe maji yanapokupwa wakati wa bamvua amekwisha kuyaona matabaka hayo mawili: juu mchanga mweupe au wa kahawia, chini weusi wenye harufu ya yai viza. Mwaka 2018 watafiti wa Bremen, Ujerumani, walitangaza kwamba juu ya punje moja ya mchanga wa bahari huishi bakteria kati ya 10,000 na 100,000. Ndiyo maana anayeanzisha tangi jipya la maji chumvi huambiwa asiingize samaki kwa haraka. Atapima amonia, ataiona ikipanda na kushuka. Atapima nitriti, itapanda baada yake na kushuka. Kwa kawaida wiki 4 hadi 6 hupita kabla vyote viwili havijafika sifuri. Akitia mchanga uliotoka baharini ukiwa na maji yake, muda hupungua, kwa sababu ameingiza wafanyakazi waliokwisha kukamilika. Akiusuuza kwa maji ya bomba ili uwe safi, ameua wafanyakazi hao na sasa maiti zao zinaongeza amonia. Kipimo ndicho kinachomwambia lipi limetokea. Macho hayamsaidii, kwa kuwa maji yenye amonia ya kuua ni meupe kama maji yasiyo nayo.

Hapa sharti niseme wazi kwamba si kila sifa iliyopewa mchanga huu na wafugaji ni ya kweli. Imesemwa mara nyingi kwamba mchanga wa matumbawe, kwa kuwa ni chokaa, huyakinga maji yasiwe na asidi. Katika maji ya kawaida ya bahari, ambayo pH yake ni kama 8.1, mchanga huo hauyeyuki kiasi cha kuleta tofauti. Huyeyuka pale tu asidi inapoongezeka, mathalani katika tabaka la chini lenye uozo. Nalikubali hilo kwa sababu linasaidia hoja yangu. Kazi kubwa ya mchanga haitokani na jiwe lake. Inatokana na uhai ulioshikamana nalo na nafasi zilizo kati ya punje na punje. Unga wa matumbawe uliooshwa na kukaushwa una kemia ileile na hauna kazi ile.

Mtu wa Mtwara ana haki ya kuuliza: tangi la lita 200 linahusiana vipi na Bahari ya Hindi? Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huku kusini huzidi mita 3, mara mbili kwa siku. Uchafu wowote utasombwa kabla bakteria hawajaugusa. Pingamizi hili ni zito kwenye mwamba wa nje unaotazama bahari kuu. Linakuwa jepesi ndani ya ghuba. Maji ya Mikindani yanaingia na kutoka kupitia mlango mwembamba, bandari ya Mtwara nayo imezungukwa, na Ghuba ya Mnazi imefungwa kwa rasi ya Msimbati upande mmoja na visiwa upande mwingine. Maji yanayorudi humo kwa maji kujaa si lazima yawe mapya: huenda yakawa yaleyale yaliyotoka kwa maji kupwa. Tena kuna yale ambayo kujaa na kupwa kwa maji hakukuweza kuyaondoa: joto la mwaka 1998 liliyachoma na kuyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, na la mwaka 2016 likarudia. Tangi halithibitishi hali ya ghuba, na sidai hivyo. Linathibitisha utaratibu: kwamba maji ya chumvi yenye viumbe huharibika mchanga wake unapokufa, na kwamba dalili ya kwanza huonekana kwenye kipimo kabla haijaonekana kwa samaki.

Pingamizi la pili hutolewa na wachimbaji, nalo husikika la busara. Ruvuma unaleta mchanga kila mwaka. Tukichota ufukweni, mto utafidia. Lakini mto unafidia kwa mchanga wa aina nyingine. Punje za kwatzi zinaposhuka na tope la masika, hukaa mlangoni na kujenga mafungu na vitanda vya mikoko. Hapo ndipo mahali pa pwani ambapo matumbawe hayapendi kuota, kwa kuwa tope huyazuilia jua. Mchanga mweupe wa Msimbati una mama mwingine. Kuuchota kwa kutumaini kwamba Ruvuma utaurudisha ni kukopa kwa jirani na kutarajia mgeni alipe. Isitoshe, mchanga wa ufukweni humdhuru hata anayeuchukua: chumvi yake hula nondo ndani ya zege, na nyumba iliyojengwa kwa mchanga huo ambao haukuoshwa vizuri huanza kupasuka kutoka ndani. Mtwara imepata sababu ya kulitazama hilo upya. Gesi iliyogunduliwa Msimbati mwaka 1982 ilianza kuzalisha umeme mwaka 2006, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, na mwaka huohuo kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote kikaanza kazi nje ya mji. Saruji ya jirani inaweza kuupumzisha mwamba wa Mikindani kutokana na tanuri. Haiwezi kuupumzisha ufuko, kwa maana kila mfuko wa saruji hudai mchanga mwingi kuliko uzito wake. Chanzo cha mchanga huo kiwe machimbo ya bara, yenye kibali na kipimo.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi, nalo linatoka vijijini. Sheria ya hifadhi za bahari ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na nchi kavu. Ndani ya mpaka huo kuna vijiji vya watu waliovua hapo kabla ya mpaka kuchorwa. Mwanaanthropolojia Vinay Kamat, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika vijiji hivyo, ameandika jinsi wengi walivyoiona hifadhi kuwa imewanyang'anya bahari waliyoiita shamba lao, na jinsi upinzani ulivyokuwa mkali, hasa Nalingu. Walikatazwa nyavu zao huku ndani ya hifadhi hiyohiyo visima vya gesi vikifanya kazi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mchanga una bakteria wema, na kwa hiyo asiuguse, ni kumwongezea katazo jingine lenye maneno ya kisomi. Nakubali. Ila naona tatizo la hifadhi halikuwa ujuzi mwingi kupita kiasi. Tatizo ni kwamba ujuzi ulikwenda upande mmoja. Mwanakijiji aliagizwa kuacha. Hakuonyeshwa kipimo cha maji kabla ya kuacha na baada ya kuacha, wala hakupewa chombo cha kumpima yeyote mwingine anayeyatumia maji hayo, awe mwenye bandari, mwenye kisima au mwenye bomba la maji taka. Kipimo kikiwa mkononi mwa kijiji kinamfunga mkubwa kama kinavyomfunga mdogo. Hapo mchanga unaacha kuwa katazo na kuwa mali ya kijiji, yenye hesabu inayoweza kudaiwa.

Hesabu hiyo haihitaji fedha nyingi kuanza. Mwaka 1865 padri wa Italia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe kwa kamba kutoka kwenye meli ya Papa katika Bahari ya Mediterania na kuandika kina ambacho sahani ilipotea machoni. Mpaka leo wanasayansi hupima uangavu wa maji kwa njia hiyo, na sahani kama hiyo inaweza kutengenezwa Mikindani kwa bati na rangi. Kipimajoto ni cha bei ndogo. Kipimo cha chumvi na vitendanishi vya amonia, nitriti na nitrati ni vilevile vinavyotumiwa na mfugaji wa samaki sebuleni. Mikindani tayari ina kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, yenye wanafunzi wanaohitaji mazoezi na walimu wanaoijua bahari. Pendekezo langu kwao na kwa uongozi wa hifadhi ni hili. Yawekwe matangi mawili yenye maji ya ghuba moja, samaki wa idadi moja na lishe moja. Moja litiwe mchanga hai uliochukuliwa kwa kibali, kiasi cha ndoo chache, usiooshwa kwa maji baridi. La pili libaki bila mchanga. Yapimwe kila siku kwa wiki 6 mbele ya kamati za mazingira za vijiji vya pwani, na namba ziandikwe ubaoni kwa Kiswahili. Baada ya hapo vipimo vilevile vihamishiwe ghubani, Mikindani, Msimbati na mlangoni mwa Ruvuma, kila bamvua na kila maji mafu, kusi na kaskazi, na daftari la kila kituo likae katika ofisi ya kijiji husika, nakala yake hifadhini. Wanaokata vibali vya kuchimba mchanga wasikate kingine cha ufukweni kabla ya kulifungua daftari hilo.